Simu Isiyo na Mahali pa Kuchagua Folda

Shangazi yangu anaongoza kwaya ya kanisa moja huko Kapseret, na programu ya kurekodi nyimbo niliyoitengeneza ilikuwa na mtumiaji mmoja wa kweli: yeye. Ijumaa asubuhi alinipigia.

"Msomi, programu yako imekufa."

"Imekufa vipi, Anti?"

"Nabonyeza 'Chagua folda', inazima. Kama mzee wa kanisa akiulizwa sadaka iko wapi."

Ndani ya programu ile, bado haijahifadhiwa kwenye folda yoyote, kulikuwa na sauti ya pili ya wimbo wa mashindano ya Jumapili, iliyoimbwa na mama mmoja ambaye tayari alikuwa ameenda mazishini Kisumu. Waimbaji wenzake walitakiwa kutumiwa rekodi hiyo, waisikilize wakikamua ng'ombe. Nikiifuta programu niiweke upya, sauti inakwenda nayo.

Nikapanda boda boda. Kumbe fundi mmoja wa mjini alikuwa ameisafisha simu ili video za mahubiri zipate nafasi, akaondoa kile kidirisha cha simu yenyewe kinachomwonyesha mtu folda achague. Programu yangu inakiita, hakuna anayeitika, inaanguka.

"Maelekezo ya watengenezaji wa simu yanasema kila simu inacho," nilijitetea.

"Na ukaamini?" Aliniwekea chai. "Krismasi ulimuuliza pasta nani alimwona Yona ndani ya samaki. Hii nayo ulimuuliza nani?"

Nikafungua laptopu. Niliiandika upya sehemu hiyo: programu iulize kwanza kama kidirisha kipo, kisipokuwepo, isizime, ihifadhi sauti moja kwa moja kwenye folda ya muziki. Kisha nikaweka toleo jipya juu ya lile la zamani bila kufuta kitu, huku Anti akiomba kwa sauti, jambo ambalo halisaidii simu kwa namna yoyote ninayoijua.

Akabonyeza. Haikuzima. Halafu akafungua folda ya muziki, na sauti ya pili ikajaa jikoni, nzito, kuku wakatoka mbio. Akaituma kwa wote kabla chai yangu haijapoa.

Jumapili tulishika nafasi ya pili. Shangazi akasimama kushuhudia kwamba Mungu hufanya njia pasipo na njia. Njia hiyo niliiandika mimi, mezani kwake, nikila mandazi yake. Lakini nilipiga makofi na wengine, maana sauti ya pili ilikuwa safi kabisa. Walioharibu ni sauti ya kwanza, na hao hawakuhitaji programu.