Kichaka Nilichomletea Bibi

Juzi nilifinya jani la lantana kule mbugani Mweya, tulipokuwa tukipima vichaka vilivyomeza malisho ya wanyama, na harufu yake kali ikanirudisha Bwera kwa bibi. Unajua, rafiki, wenzangu chuoni wakiulizwa kwa nini wanasomea mimea vamizi, hutaja mapenzi yao kwa mbuga. Mimi nimeletwa na hatia.

Nilikuwa darasa la tatu. Likizo ile niliimalizia Kilembe kwa shangazi, kwenye nyumba za mgodi, ambako uzio wa kila nyumba ulikuwa lantana ya maua ya njano na waridi. Tulikula vitunda vyake vyeusi hadi ndimi zikawa za zambarau. Siku ya kuondoka nikakata matawi, nikayafunga kwa gazeti lililoloweshwa maji, nikampelekea bibi. Kwetu mpaka wa shamba hupandwa omuramura, mti wa majani marefu unaokaa pale ulipowekwa. Mimi nikachomeka matawi yangu katikati yake.

Yalishika. Mbuzi hawakuyagusa, bibi akanisifu kwa majirani, na kila aliyekuja kula ugali wa bundu na mboga ya sombe kwetu aliondoka na tawi. Nilijiona bwana shamba mzima.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mgeni wangu alipanda kilima chetu kama mbegu matumboni mwa ndege, akafunika malisho yote. Nilipoingia sekondari, bibi hakuwa na pa kuchungia, na mbuzi akawauza mmoja mmoja. Hakulalamika hata siku moja. Mimi nilizikosa sana zile jioni, yeye akiwaita mbuzi kwa kugonga ulimi na wao wakimjibu kutoka mbali.

Mwaka huu nimerudi na jembe na daftari, kung'oa kilima kizima kwa ajili ya utafiti wangu. Kwanza nilikiri kwamba balaa hili nililileta mimi. Bibi akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua hulowesha. Nilipofika mpakani, kwenye shina la kwanza kabisa, akaushika mpini wa jembe langu.

"Zote utoe," alisema. "Hii wacha. Hii mutoto wangu aliniletea."

Vitabu vyangu vyote vinasema shina moja likibaki, kazi ni bure. Nimeliacha. Kila wiki mbili natoka Kasese kuja kukata maua yake kabla hayajazaa, bibi akikaa pembeni akinionyesha yaliyonipita. Kule juu nyasi zimerudi, ndefu na laini. Hakuna mbuzi wa kuzila.