Mpelelezi Aliyepanda Kutoka Lupingu

Juzi juzi hapa nyumbani kwangu Makambako kulizuka ugomvi mbele ya televisheni. Binti yangu, ambaye vitabu vya upelelezi vya zamani alivisoma akiwa sekondari, alikuwa anaangalia tamthilia mpya iliyotengenezwa kutokana na vitabu hivyo hivyo, na kila baada ya muda mfupi anapiga paja lake. "Huyu siye! Mpelelezi gani huyu, kila kitu anatafuta kwenye simu?" Mjukuu wangu akamjibu bila kugeuka, "Kwa hiyo ulitaka aje na farasi, mama?" Binti wa jirani naye ana simu mkononi, anatusomea wanayoandika wenzao mitandaoni. Mmoja analilia koti la mpelelezi kwamba limefupishwa. Mwingine anaona msaidizi wake kufanywa mwanamke ni matusi. Wa tatu ameapa kwamba hataangalia tena maisha yake yote, na kesho yake yumo, analalamikia kipande kipya.

Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Wakaniangalia kwa huruma, wakidhani bibi yao hajaelewa. Nilielewa sana, rafiki yangu. Ugomvi ule niliusikia nikiwa msichana mdogo huko Njombe, wakati wa Mwingereza, siku ambazo hatukujua televisheni ni mnyama gani. Na aliyekuwa katikati ya ugomvi ule alikuwa mimi.

Kijiji chetu hakikuwa mbali na mji wa Njombe. Unakumbuka baridi ya kule, ile inayokaa kwenye vifundo vya vidole? Asubuhi ukungu ulishuka mpaka ng'ombe unamsikia kabla hujamwona, na upepo ukigeuka ulileta harufu ya magome ya miti ya miwati kutoka mashambani kwa wazungu. Mavuno yakishaingia, Jumamosi alasiri watu walikusanyika uani kwa bibi yangu, aliyenilea, kupukuchua mahindi. Tulikaa kuzunguka rundo, vidole vikituwaka, punje zikilia kwenye mabati ya zamani, na bibi akachemsha viazi chungu kizima, akavimwaga kwenye ungo vikiwa bado vinatoa moshi.

Ndipo anapoingia mwalimu wetu. Alikuwa kijana kutoka Matamba, kwao baridi kuliko kwetu, kwa hiyo alitucheka tulivyojikunyata. "Kamwene!" anasema, nasi tunaitikia kwa pamoja, kisha anakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anachukua hindi lake kama sisi, na anaanza kutusimulia habari za Bwana Mpelelezi.

Alikuwa na kitabu cha Kiingereza, alichopewa huko chuoni. Hakuja nacho uani hata siku moja. Alikisoma kwake, halafu akatuletea hadithi kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipowashinda wazee alichomeka Kibena, lugha yetu. Bwana Mpelelezi aliishi London, alivaa koti refu lenye mabawa, na akiangalia tope la kiatu chako alijua umelala wapi. Tajiri mmoja alikutwa amekufa ndani ya chumba kilichofungwa, saa yake ya mfukoni haipo. Nani kafanya? Mwalimu alikata hadithi kila mara pale pabaya, akanyanyuka, akajikung'uta makapi. Wiki nzima tulibishana mtoni.

Bibi yangu alimpenda mtu yule kuliko sisi sote. Jioni tukisali, akishawataja wagonjwa na wasafiri, aliongeza, "Na yule bwana wa London, Bwana, umlinde, maana maadui ni wengi." Jirani yetu, fundi cherehani, alikata blanketi lake kuukuu akajishonea koti la mabawa, akawa anapita nalo sokoni kwa mwendo wa kufikiri. Siku mwalimu alipotuambia hatimaye kwamba muuaji ni mtunza bustani, fundi alirusha gunzi juu. "Nilisema! Sikusema?" Kwa kweli alikuwa ametaja kila mtu isipokuwa mbwa.

Halafu mwalimu akahamishiwa Mawengi, upande wa Ludewa, na uani kukawa kimya.

Aliyekuja baada yake alikuwa mwalimu wa kike, mwembamba, mtu wa Lupingu, kule chini ziwani. Sisi watoto tulimsimulia hadithi nzima siku yake ya kwanza, wote kwa wakati mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nzuri. Tutaicheza mchezo. Lakini London mimi sijafika, na ninyi hamjafika. Tuilete hapa."

Na kweli akaileta. Tajiri akawa mwenye duka wa Makambako, pale mabasi yaliposimama. Mchungaji aliposikia kuna maiti akakataa, hakuna mtu kufa kwenye uwanja wa kanisa. Basi mwenye duka akawa amezimia tu, na saa yake imeibwa. Hayo watu waliyavumilia. Kilichowasha moto ni mpelelezi mwenyewe. Mwalimu alimgeuza mama mkwe, mama wa makamo aliyepanda kutoka Lupingu kuja kumwona mkwe wake mjamzito. Na aliyechaguliwa kumwigiza mama mkwe huyo ni mimi.

Nilikimbia nyumbani kumwambia bibi. Alikuwa anapepeta maharage. Ungo ukasimama hewani.

"Mama mkwe? Mama mkwe anapeleleza nini zaidi ya chumvi kwenye mboga?"

"Bibi, mwalimu anasema mama mkwe huona kila kitu ndani ya nyumba."

"Na yule bwana wetu amekwenda wapi? Amefukuzwa?"

Nilimwomba anikopeshe shuka lake jeusi la kanisani nijifunge siku ya mchezo. Akasema shuka lake halitakwenda kumzika mtu aliye hai. Jioni ile alisali bila kunitaja. Utacheka, lakini mimi sikucheka; nililala nimegeukia ukuta.

Kijiji kikagawanyika. Fundi alizunguka nyumba hadi nyumba na koti lake, akisema mwalimu wa ziwani ametukana elimu. Wasichana wa kwaya wakasema afadhali mpelelezi mwanamke, labda atajua na viberiti vya jikoni vinakwenda wapi. Mtoni wanawake wawili waliacha kusaidiana kutwisha ndoo. Bibi akafanya jambo kubwa zaidi. Alimsimamisha dereva wa lori aliyekuwa anakwenda upande wa Ludewa, akamtuma amwambie mwalimu wetu wa zamani aje haraka, mtu wake anaharibiwa.

Akaja. Tulimkuta Jumapili ya mchezo amekaa kanisani mstari wa nyuma, amechomwa na jua la safari, anatabasamu. Baada ya ibada watu wote wakahamia uwanjani, kati ya shule na kanisa. Bibi alikuwa amekwisha tangaza kwamba haji. Nilipochungulia nyuma ya pazia la magunia nikamwona, amekaa nyuma kabisa ubavuni mwa mwalimu wa zamani, amegeuza uso pembeni kama mtu anayengojea basi. Fundi alikaa mbele, na koti.

Mchezo ukaanza. Kijana aliyezimia alilala chini vizuri sana, mpaka mtoto mdogo wa mtu akatambaa akampanda tumboni, na watu wakacheka. Nikatoka mimi, nimejifunga shuka la kuazima kwa mwalimu, nikiwa na kikapu kichwani. Sijafungua mdomo, fundi akapaza sauti, "Ni mtunza bustani! Mkamateni tusipoteze muda!" Nikauliza swali langu la kwanza. "Mtunza bustani!" Nikainama kuangalia tope. "Mama, usijisumbue, mtunza bustani!" Watoto wakaidaka, wakaanza kuiimba. Kijana aliyeigiza mtunza bustani, maskini, alianza kurudi nyuma kidogo kidogo kwa woga wa kweli. Machozi yakanilenga. Mwalimu wa kike, pembeni, hakukasirika. Alinionyesha kwa kidole tu kwamba niendelee.

Nikaendelea. Nikampita mtunza bustani bila kumtazama. Nikaenda kusimama mbele ya mwanangu, mume wa yule mkwe mjamzito, kijana mkubwa wa darasa la juu.

"Mwanangu," nikasema, "umeniambia hujatoka nyumbani tangu mvua inyeshe. Mbona viatu vyako vimelowa?"

Fundi mdomo wake ulibaki wazi, umeshika "mtunza" na "bustani" haitoki. Kijana akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile saa, akainamisha kichwa. Nilifundishwa kusema, "Twende tukairudishe." Kabla sijasema, sauti ikatoka nyuma kabisa, na niliijua.

"Kwanza mkumbatie! Ni mwanao huyo!"

Bibi alikuwa amesimama. Sikujua la kufanya, halikuwamo katika mazoezi. Nikamkumbatia kijana kiunoni, maana mabegani sikufika, naye kwa mshangao akaanza kulia machozi ya kweli. Wanawake wakapiga vigelegele. Aliyezimia akainuka bila kuambiwa na mtu, akasema, "Basi, nimesamehe," na mchezo ukaishia hapo, maana mwendelezo hakuna aliyeukumbuka.

Fundi ndiye aliyekwenda kumshika mkono mwalimu wa zamani na kumleta katikati. "Sema mwenyewe, mwalimu. Mwizi ni mtunza bustani, siyo? Wameharibu kitabu?"

Mwalimu alikuna kichwa. Alimtazama mwenzake wa Lupingu, akatutazama na sisi.

"Kitabu chenyewe," akasema, "kilinifikia kikiwa kimechanika. Kurasa za mwisho hazikuwamo. Mtunza bustani nilimtunga mimi, pale uani, juu ya kinu, kwa sababu mlikuwa mnanitazama."

Nilidhani fundi ataanguka azimie naye. Badala yake alianza kucheka, polepole kwanza, mabawa ya blanketi yakitikisika, kisha uwanja mzima ukamfuata. Mwalimu wa kike, kumbe kitabu kile alikisoma kizima, akamuuliza mwenzake kama angependa kujua kurasa zile zilisemaje. Akajibu kwamba leo hapana, leo amepata mwisho mzuri kuliko wake. Bibi alinifikia, akanifungua lile shuka la kuazima bila neno, akanifunika lake jeusi, maana baridi ilikuwa imeanza kushuka.

Fundi hayupo tena, wala walimu wale. Uani kwa bibi sasa kuna yadi ya mbao, na mahindi hupukuchuliwa kwa mashine inayopiga kelele mno. Hata ungekuwa na hadithi, nani angeisikia. Watu husikiliza vyao masikioni, kila mmoja peke yake, na hawahitaji mtu wa kuwakatia pale pabaya. Siwalaumu. Kinachonijia tu ni ule mzunguko wa watu na harufu ya viazi.

Bibi aliirithi hadithi ile. Kila mavuno aliisimulia upya, na kila mara mwenye kosa alikuwa mwingine: mara mpishi, mara karani wa bwana shauri, yule mzungu wa wilaya, mwaka mmoja fundi mwenyewe, akiwa amekaa pale pale akisikiliza. Mavuno ya mwisho aliyoyaona, sauti yake ilikuwa imepungua, tukasogea karibu. Mpelelezi alishuka basi, akapita ukunguni, akaingia nyumbani kwetu, akaota moto, akala. Bibi akaishia hapo. Tukangoja.

"Sasa, bibi," nikamuuliza, "safari hii nani kafanya?"

"Hakuna," akasema. "Mwaka huu amekuja kusalimia tu."