Mikono ya Nyota na Kisu cha Lukumani

Mimi sikutaka Nyota asomee mambo ya mbuzi. Naanza na hilo ili asitokee mtu wa kuniambia najisifu kwa kitu nilichokikataa. Nilitaka aje akae nami kwenye cherehani, hapa Kabondo, mahali baiskeli za toleka zinapopita tangu asubuhi na kila mwanamke aliyepanda nyuma anageuza shingo kuangalia nguo nilizotundika.

Nyota ni binti wa kaka yangu Lukumani, mchinjaji. Baba yetu alikuwa mchinjaji, na babu yetu vilevile, na sisi watoto wa nyumba hiyo tulijua jambo moja kabla ya kujua kusoma: mnyama akianguka, kimbilia kisu. Akifa kabla hujamchinja, amekuwa mzoga, ni haramu, na hakuna wa kumlaumu ila wewe uliyechelewa. Nyota alikulia kwenye meza ya baba yake sokoni. Akiwa na miaka kumi alikuwa anatenganisha bega la mbuzi na kifua bila kutazama, huku akitaniana na wateja. Halafu, alipomaliza sekondari, akatangaza kwamba anataka kusomea ufugaji chuoni. Lukumani alicheka mpaka akakohoa.

"Kusomea mbuzi! Na miye niko nani, basi?"

Lakini alimwacha aende. Kwa mtoto huyo amekuwa laini siku zote, na mke wake, Rachida, alikuwa ameshaamua.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa madaftari tu. Mwaka wa pili wakaanza mazoezi kwenye shamba la chuo, chini ya mwalimu mmoja mrefu, mkavu, anayeitwa Cyprien. Siku ya kwanza kabisa mbuzi mmoja akavimbiwa, tumbo likajaa hewa, akaanguka. Wanafunzi wote wamesimama na kalamu zao. Nyota wetu akaruka, akamkamata mbuzi miguu, akapiga kelele: "Kisu! Munipe kisu! Mugeuze kichwa kwa kibla kabla haiyakufa!"

Wenzake walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mwalimu Cyprien akachukua mpira mwembamba, akaupitisha kooni mwa mnyama, hewa ikatoka, na mbuzi akasimama kutafuta majani. Nyota akapata mbili juu ya ishirini. Akapata na jina jipya: Mama Kisu.

Alirudi nyumbani analia, lakini hakuacha. Baadaye akatueleza zoezi lingine. Mwalimu alitia mwanambuzi aliyekufa ndani ya gunia, akawaambia waingize mkono macho yakiwa yamefumbwa, waseme wanashika nini: mguu wa mbele au wa nyuma, goti au kisigino. Wenzake walibahatisha. Nyota alitaja kiungo kimoja kimoja bila kukosea, maana viungo hivyo alikuwa amevikata miaka yote kwenye meza ya baba yake. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Lakini habari njema haina mbio. Jina la Mama Kisu ndilo lililofika sokoni, na Alhamisi moja mteja akamwuliza Lukumani, mbele ya watu, kama ni kweli binti yake huko chuoni wanamcheka kwa kazi ya baba yake.

Jioni ile Lukumani alirudi nyumbani amekunja uso.

"Umefanya vile inafaa, na wao wanakucheka," alimwambia Nyota. "Donc hiyo masomo haituheshimu. Jumatatu utaenda kwa tante Ramla, ushone. Imeisha."

"Papa, Jumatatu ndiyo tuko na egzamen ya mazoezi."

"Nimesema imeisha."

Tante Ramla ndiye mimi, shangazi yake. Nilikuwepo, na nasema ukweli wangu: nilifurahi. Usiku sikulala vizuri kwa furaha, na asubuhi nikaifuta vumbi cherehani ya pili na kuitia mafuta.

Siku hiyo ya Ijumaa nilikwenda kwao kumpima Nyota kimo, ili kiti kimfae. Nikamkuta amepiga magoti uani kando ya Madame. Madame ni mbuzi wa Rachida, mbuzi pekee katika mji huu ambaye Lukumani amekatazwa kumgusa. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Tangu asubuhi alikuwa anasukuma, na kilichotoka ni ukwato mmoja tu. Kichwa hakionekani. Sauti ilikuwa imeshamwishia.

Hapo Lukumani akarudi kutoka msikitini, kanzu yake nyeupe imenyooka. Akamtazama Madame mara moja, akaingia ndani, akatoka na kisu.

"Rachida, leta maji."

Rachida akaanza kulia. Nyota akasimama katikati.

"Papa, ngoja. Nipe nafasi kidogo."

"Nyota, angalia macho yake. Iko inakufa."

"Haiyakufa bado."

Walitazamana, baba na mtoto, na mimi nilimwona kaka yangu anapima. Mchinjaji anajua mnyama amebakiza muda gani.

"Bon. Lakini ikigeuza macho, nachinja. Sitangoja hata pumzi moja."

"Sawa, papa."

Nyota akanigeukia. "Tante, mukasi." Nikautoa mkobani nikampa bila kufikiri, na mwendawazimu huyo akakata kucha zake kwa mkasi wangu wa vitambaa, ule ambao hata karatasi haijawahi kuugusa! Nilipiga kelele. Hakuna aliyenisikia. Akaosha mkono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, akajipaka mafuta, akaniambia nishike pembe. Nikashika. Nikiwa na nguo yangu ya Ijumaa.

Mkono ukaingia taratibu. Akafumba macho.

"Kichwa imegeuka nyuma," akasema. Akaingiza mkono zaidi. Jasho likamtoka. "Kuna mguu ingine. Sijui kama iko ya huyu ao ya mwenzake. Iko mbili ndani, papa. Zimechanganyika."

Uso wake ulisawijika. Nikajua amepotea, na, Mungu anisamehe kwa furaha yangu ya jana, sikuwaza tena cherehani. Madame alitikisika. Kisu kilikuwa kando ya sikio langu.

Halafu nikasikia sauti ya Lukumani, ile sauti ya chini aliyokuwa anamfundishia kwenye meza.

"Fuata hiyo mguu mpaka juu. Ukikuta kifua, iko yake."

"Nafuata… Hapana. Iko nyonga."

"Alors ni ya mwenzake. Rudisha. Tafuta mguu yake chini, kwa kifua, iko imekunjwa."

"Nasukuma kwanza mutoto nyuma, ju ya kupata nafasi. Mwalimu anasema vile."

"Sukuma basi!"

Alikuwa amechuchumaa, kanzu inafagia vumbi. Madame aliteleza upande, na Lukumani akamshika kiuno kwa mikono yote miwili. Nikatazama chini. Kisu kilikuwa kimelala kwenye vumbi, na mimi katika maisha yangu sijawahi kuona kisu cha nyumba yetu kimewekwa chini hivyo.

"Napata bega. Napata goti. Imekuja! Sasa kichwa…" Nyota alikuwa anasema huku anahema. "Napata taya. Madame, sukuma, mama, sukuma!"

Madame akasukuma, Nyota akavuta kuelekea chini, na mtoto akaporomoka mapajani mwake, ameloa, hana pumzi. Rachida akafunika uso. Nyota akamsafisha pua na mdomo, akamsugua mbavu kwa kitambaa, akamsugua kama anayemgombeza. Mtoto akapiga chafya. Mimi nikapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Wa pili akaja mwenyewe, miguu ya nyuma mbele, hana haja ya mtu. Wote wawili majike! Na Madame, ambaye tulikuwa tunamwomboleza, akageuza shingo akaanza kuwalamba.

Lukumani aliokota kisu, akakifuta, akakirudisha ndani.

Jumamosi alikuja dukani kwangu na kitambaa cheupe chini ya kwapa.

"Ramla, shonea Nyota blouse ya kazi. Mikono ifike hapa tu." Akaonyesha kiwiko chake mwenyewe. "Ju ya damu, isichafuke."

"Na cherehani yangu ya pili?"

"Utapata mutu mwingine."

Niliishona siku hiyohiyo, na mshono mara mbili kwenye mabega, kwa sababu sipendi kazi yangu ichanike mbele ya walimu. Jumatatu Lukumani alimpeleka Nyota kwenye mtihani kwa baiskeli yake mwenyewe. Alipata kumi na nane juu ya ishirini, na mwalimu Cyprien alimwomba aje kuwafundisha wa mwaka wa kwanza lile zoezi la gunia.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni kununua vifungo. Mbuzi wa mtu mmoja akaanguka kati ya meza, tumbo limejaa, miguu inatetemeka. Watu wakapiga kelele kama walivyopiga siku zote: "Lukumani! Lukumani, kisu!" Kaka yangu alifika mbio, kisu kiko kiunoni. Akapiga magoti, akatazama macho ya mnyama. Kisha akainua mkono wa kuwanyamazisha, akatoa simu.

"Mungoje," akasema. "Naita kwanza mutoto wangu."