Mbio za Msimu wa Mahindi

Klabu yetu ya ngumi ilikuwa Malangali, mtaa wa mji wa Sumbawanga, ndani ya ghala la mfanyabiashara wa mahindi. Mwenye ghala alituruhusu kulitumia bure kwa sharti moja: mavuno yakiingia, sisi tutoke. Kwa hiyo kila mwaka wakulima walipoanza kuleta magunia mjini, begi la mazoezi lilishushwa kwenye boriti, kamba za ulingo zikakunjwa, na mabondia wakapelekwa barabarani kukimbia hadi mahindi yasafirishwe.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kusaga. Ngumi sijawahi kucheza. Niliitwa pale kutengeneza kengele ya raundi, nikabaki. Mchezo niliusoma katika vitabu vya mitumba, na jioni nilitazama mapambano kwenye simu, nikisimamisha picha na kuirudisha mpaka nielewe mguu upi ulitangulia. Mwalimu wa klabu, ambaye alicheza ngumi alipokuwa jeshini, aliniita Msomi. Hakuwa ananisifu.

Tulipishana kwa jambo moja. Mwalimu aliamini kwamba bondia hutengenezwa barabarani. "Ngumi hata mlevi anazo," alikuwa akisema. "Mpe barabara, ndiyo utajua kama ni bondia."

Mimi niliona hesabu haikubali. Pambano la ridhaa ni raundi tatu za dakika tatu, na katikati kuna dakika moja ya kupumzika. Ndani ya raundi mtu hulipuka, husita, hulipuka tena. Anayekimbia barabara ya kwenda Chala tangu alfajiri mpaka jua litoke anafanya kitu kimoja kwa mwendo mmoja. Injini iliyozoea mwendo mmoja, ukiitupia mzigo ghafla, inakohoa. Nilimweleza hivyo.

"Injini haina moyo, Msomi," alijibu. "Nenda kakaze mikanda yako."

Ubishi huu ungeendelea bila madhara kama si bondia mmoja tuliyekuwa naye, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mzima mwenye mke na watoto. Mara mbili alikuwa ameitwa timu ya mkoa, na mara zote mbili akaitwa kama wa akiba. Alisafiri na wenzake, akawashikia taulo, akarudi. Mwaka huo mkewe alimwambia mbele yetu, pale nje ya ghala, bila kupandisha sauti:

"Safari hii wakikuita wa akiba, mimi glavu nazigeuza mto. Mageti ya watu yamelala nyumbani."

"Mto wa glavu utaumiza shingo," mumewe akasema.

"Ya kwako ndiyo itaumia."

Tulicheka, naye akacheka, lakini wote tulielewa kwamba hakutania. Ingekuwa nafasi yake ya mwisho.

Mwezi mmoja kabla ya mchujo wa timu ya mkoa, klabu ya Chala ilitualika kwa mapambano ya kirafiki. Ghala lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, kwa hiyo bondia wetu alikuwa amekimbia kwa wiki nyingi bila kugusa begi. Alionekana vizuri: mwembamba, macho meupe, hahemi hata akipanda kilima akiongea. Alipangiwa mpakiaji wa magunia wa palepale Chala, mfupi mwenye mabega mapana, ambaye mbio kwake zilikuwa kitu cha watoto wa shule.

Mpakiaji alimshinda raundi zote tatu. Mtu wetu hakuchoka hata kidogo. Alichelewa tu. Kila aliporusha ngumi, yule alikuwa ameshaondoka, na kila alipokuwa anaurudisha mkono, ngumi ya yule ilikuwa imeshafika. Kutoka kwenye kona nilijaribu kuona siri iko wapi, sikuiona. Baada ya pambano mpakiaji alikuja mwenyewe, akamkumbatia, akaisema kwa kicheko.

"Kaka, samahani, lakini wewe nilikuwa nakusikia. Fyuu, fyuu, ngumi. Fyuu, fyuu, ngumi. Ni kama tumesimama mimi na wewe kwenye kinu kimoja tunatwanga ulezi. Ukiinua, mimi nashusha."

Wenzake waliangua kicheko. Mmoja akaanza kutwanga hewani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mkimbiaji hupumua kwa kufuata hatua zake, na hatua zake zote ni sawa. Wiki zote zile za barabara zilikuwa zimempa bondia wetu mdundo, naye akaupeleka ulingoni bila kujua.

Tukiwa tunarudi Sumbawanga nyuma ya pikapu, tumejifunika makoti kwa upepo wa kipupwe, nilimwuliza mwalimu swali ambalo sikuwahi kuliuliza.

"Mwalimu, kwa nini tunakimbia sana msimu huu kuliko mingine?"

"Kwa sababu ghala limejaa."

"Na mwaka ambao mahindi ni haba?"

Alifikiri. "Tunakimbia kidogo."

Nadhani hapo aliyasikia maneno yake mwenyewe: ratiba yetu ilipangwa na mahindi, si na yeye.

Mimi nilitaka mbio ziachwe kabisa. Aliyekataa ni bondia mwenyewe. "Fundi, nikiacha kukimbia nitapanda ulingoni najiona mgonjwa," aliniambia. Nilimwachia, kwa sababu ni yeye ambaye angepigwa. Ndipo mwalimu akaja na mpango wake. Alichukua baiskeli na filimbi. Bondia akimbie kama kawaida; filimbi ikilia, afyatuke kwa nguvu zote; ikilia tena, arudi mwendo wa pole. Filimbi ingelia wakati wowote, mara mbili mfululizo, au isilie mpaka aisahau. Jioni, nyuma ya ghala, nilichora ulingo kwa majivu, na bondia akarusha ngumi humo kwa kufuata filimbi hiyohiyo.

Barabara ya Chala haikuwa imewahi kuona kitu kama hicho. Asubuhi ya kwanza nilifuata nyuma kwa baiskeli yangu, nikamsikia bibi mmoja mwenye jembe begani akiuliza, "Mwanangu, umeiba nini?"

"Shikamoo bibi! Sijaiba!"

"Marahaba! Basi ongeza mwendo, huyo wa filimbi anakukaribia!"

Vijana wa bodaboda walimpa jina la Mwizi, likamganda. Mkewe alilisikia sokoni. Alisema angalau sasa anajulikana kwa kitu.

Mchujo ulifanyika mjini, kwenye ukumbi. Kama tulivyotarajia, katika uzito wake alikutana na mpakiaji wa Chala. Mshindi angechukuliwa timu ya mkoa, na aliyeshindwa angekuwa wa akiba. Mkewe alikaa mstari wa pili, mkoba magotini.

Raundi ya kwanza mpakiaji aliinamisha kichwa kidogo, nikajua anasikiliza. Hakusikia cha kushika. Ngumi zilikuja mbili, kisha moja, kisha kimya, kisha nne. Alipoinua mkono kulenga katikati ya mapigo, katikati haikuwepo, na raundi ikawa yetu. Alibadili, akaingia kwa mabega, na raundi ya pili ikawa ya kusukumana na kupigana mbavu. Hiyo aliichukua yeye, na kwa haki. Kengele ilipolia wote wawili walirudi kwenye kona wakiwa wamefungua midomo.

Kazi yangu ilikuwa kigoda na maji. Nilimkalisha bondia wetu, nikaweka kiganja mgongoni mwake chini ya bega, kama ninavyoshika mashine kusikia inavyotetema. Mwanzoni mgongo ulipanda na kushuka kwa fujo. Kisha ukapungua, ukapungua tena, na kabla dakika haijaisha ulikuwa wa mtu aliyekaa kibarazani kwake. Nilitazama ng'ambo. Mpakiaji alikuwa bado anahema kwa mabega yote, maji yakimmwagikia kifuani kwa sababu hakuweza kuyameza.

Raundi ya tatu haikuwa na maelezo mengi. Mmoja alikuwa amepumzika, mwingine hakuwa. Waamuzi walimpa wetu.

Sikulitarajia lile nililolihisi kwa kiganja. Nilikuwa nimetafuta faida ya mbio ndefu ndani ya raundi, na humo nilikuwa sahihi, kwa sababu peke yake zilimwumiza. Faida yake ilikuwa kwenye kigoda, mahali ambapo hakuna anayepigwa picha. Nilimwambia mwalimu tukiwa tunakunja taulo, maana ilikuwa haki yake.

"Ulikuwa sahihi nusu. Amepumzika kwa mbio zako. Lakini amepiga kwa kubadilisha mwendo, na hilo nililisema mimi."

"Filimbi alipiga nani?" akauliza.

Mke wa bondia wetu alikuja, akazichukua glavu kwa mumewe, akazibonyeza kwa kidole gumba kama anayepima mkate.

"Hata hivyo ni ngumu mno kwa mto," alisema, akazitia mkobani. "Mnaondoka lini?"

Mpakiaji wa Chala, ambaye sasa ndiye wa akiba, alisimama karibu na barafu jichoni. Alimwuliza mwalimu kama angeweza kuja Malangali kujinoa hadi siku ya safari.

"Njoo," mwalimu akasema. "Lakini ujue ghala bado limejaa."