Mutoto wa Giga Kumi na Sita

Mimi muuza maharagi, mwenye soko nzima inaniogopa kwa mambo ya kipimo, njo mimi nilibeba kipande cha ordinatere, ile kompyuta, ku mugongo katikati ya Goma, nikikibembeleza. Chekeni kwanza. Mukimaliza nitawaeleza.

Mujukuu wangu Clarisse anacheza michezo ya ordinatere kuliko vijana wote wa mutaa wetu wa Mapendo (si mimi ninasema, hata mama zao wanasema). Siku ya posho, Jumamosi, alikuwa na mashindano kule Katindo, mu sale, ule ukumbi wa parokia, saa sita, na asubuhi ile karte grafiki, yenye inatoa picha za muchezo, ikakufa. Kama mashine haiwake mbele ya saa sita, nafasi yake inapewa mwingine. Yeye akabaki kulinda kiti, mimi nikatumwa Birere kwenye maduka, juu mwenye kujua kununua ni nani? Akaniandikia ku karatasi: giga 8. (Nane naijua, inafanana na mwanamuke mwenye kufunga mukaba.) Akanieleza giga ni kiasi cha picha chenye karte inaweza kushika. Vizuri. Kama ni kiasi ni kipimo, na kipimo hakuna mutu wa kunifundisha.

Ku duka, papa mumoja wa miwani akaweka mbele yangu ile ya nane, kadogo, kembamba. Pembeni yake nikaona ingine, nene, ndefu, na ventilateri tatu za kupepea.

“Na hii mukubwa?”

“Kumi na sita, mama. Lakini kwa ule muchezo nane inatosha. Na hii ni ndefu, mulipima sanduku ya mashine?”

“Inatosha! Mimi najaza murongo, kopo yangu ya kupimia maharagi, mpaka juu inafanya mulima, na wewe unaniambia inatosha? Mujukuu wangu atakula mpaka abakize!”

“Basi, mama. Isipoingia uirudishe leo leo, bila kuikwaruza.”

Ile kitu ikakataa kuingia mu kikapo, na moto zetu, pikipiki za kubeba watu, munazijua, juu ya mawe ya volkano zinaruka kama mbuzi, na wezi wa Birere wanaona mpaka ndani ya mufuko, njo nikaizungushia shali, nikaifunga ku mugongo na kitenge, nikamuambia motari, dereva wa moto: “Polepole, papa, mutoto analala.” Uongo mudogo. Mudogo kama harage moja.

Ku rompwe, pale barabara zinazunguka, tukasimama, na nani yuko pale? Mama Bahati, tunaimba naye kwaya.

“Eeh, Mama Furaha! Na huyo mutoto?”

“Wa kwetu, namupeleka Katindo kwa Clarisse,” nikajibu, juu vijana wawili walikuwa wanatazama mugongo wangu. Nikaanza hata kumubembeleza, nikamupigapiga matako (ilikuwa ventilateri).

“Kwenu nani anazaa kama si Clarisse? Njo maana haonekane tena ku kwaya!”

Nilitaka kumukatalia. Motari akaondoka.

Nafika Katindo, polepole vile niliomba motari, bado sijafungua kitenge, nasikia vigelegele. Mama Bahati na wamama watano wa kwaya, na sabuni, na unga wa uji, na nepi. “Clarisse! Pongezi! Mbona unakaa ku mashine na wewe ni muzazi wa juzi?”

Vijana wote mu sale wakageuka. Clarisse akanitazama vile mutu anatazama nyumba yake inaungua. “Koko,” vile ananiita mimi nyanya yake, “umesema nini?”

Mbele nifungue kinywa, Mama Bahati akainua shali. “Yesu wangu! Hana uso!”

“Lakini iko na ventilateri tatu!” kijana mumoja akaitetea, na sale ikaanguka chini kwa kicheko.

Clarisse hakucheka. Akaichukua, akaijaribu mu sanduku. Ikabakia inje vidole vinne.

“Koko, niliandika ngapi?”

“Nane.”

“Na hii?”

“Nane… na nyongeza.”

Ilibakia nusu saa. Nikairudisha ku mugongo, moto, Birere, papa wa miwani akanibadilishia, kicheko kimemujaa mashavu, nikarudi na ile kadogo ndani ya blauzi. Saa sita imeshapita, nakuta wamama wamesimama mbele ya meza ya wasimamizi, wanaimba nyimbo za kupokea mutoto, ubeti kwa ubeti. Mama Bahati alikuwa amewaambia wasimamizi: “Hakuna kuanza, mutoto hajafika.” Kadogo kakaingia kama mukono ndani ya kanzu. Clarisse akawapiga wote, isipokuwa kijana mumoja wa mutaa wa Ndosho. Uji tulikunywa sisi wote.

Tangu ile siku, maharagi nitajaza mpaka mulima, lakini mambo ya mashine, nane ikiandikwa nanunua nane. Na Mama Bahati, kila akinikuta ku soko, anapaza sauti watu wote wasikie: “Mama Furaha, mutoto anaendelea je?”

“Tulimurudisha ku duka,” namujibu. “Alikuwa munene, hakuenea mu nyumba.”