Viatu vya Tembo

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuja kwetu Moshono kukaa wiki moja wakati nyumba yake ya Olasiti inaezekwa upya. Hiyo ilikuwa Pasaka. Masika ikaja ikaondoka, baridi ya Juni ikaingia, bati la Olasiti likapigwa likaisha na kuanza kupauka, na shangazi bado yupo kwenye kochi letu, amekunja miguu, kroshia mkononi, anafuma vitambaa.

Kwa shangazi, kitu kisicho na kitambaa kiko uchi. Alikivisha kochi, akaivisha meza, televisheni, redio iliyokufa kabla sijazaliwa, na mtungi wa gesi. Mimi nilikuwa nalala gubigubi, nikiogopa kuamka na kitambaa kichwani na chombo cha maua juu yake.

Hayo yote ningeyavumilia. Sisi wengine tumefundishwa kwamba shangazi ni baba aliyevaa gauni: akiingia unasimama, unasema shikamoo, unampisha kwenye kiti chenye mto. Akikosea, amepatia. Lakini yapo mambo mtu huwezi kuyameza hata ukisukumia na maji, na langu mimi ni miguu ya bibi.

Bibi yangu mzaa baba anaishi kule juu, mlimani Meru, kwenye migomba na mibuni aliyoachiwa na babu. Sisi wa mjini tukivaa sweta mwezi wa saba tunajiona mashujaa. Kule juu ukungu unaingia jikoni bila hodi. Bibi ana miguu iliyovimba viungo na kupasuka visigino. Viatu vya kufunga haviingii, kwa hiyo huvaa soksi ndani ya ndala, soksi yenyewe imechanwa kati ya vidole kama kwato. Pasaka hiyo hiyo nilimkuta ameisogeza miguu kwenye mafiga mpaka soksi inatoa moshi.

"Bibi, unaungua!"

"Acha iungue, mume wangu. Angalau ina joto."

Nikamwambia nitamfumia viatu vya sufu, vizito, vya kuvaa ndani, atavaa siku ya kipaimara cha binamu yangu mwezi wa saba, ukoo mzima ukiwa pale. Akacheka mpaka akakohoa. "Hata babu yako aliniahidi ghorofa."

Ndiyo, nafuma. Mimi ni mvulana wa kidato cha tatu na nafuma, na ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Mama hufuma nyumbani kofia, skafu na pochi za sufu, akanifundisha siku nilizokaa ndani na mguu uliovunjika kwa kuruka geti ambalo lilikuwa wazi. Shuleni walinicheka muhula mmoja. Nikawafumia wale wenye midomo mirefu kofia za kufunika masikio. Wamenyamaza. Sikio likipata joto, mdomo unapata adabu.

Sasa, viatu vya namna ile vina siri yake. Unavifuma vikubwa kupita kiasi, na unavifuma kwa kulegeza, hata kidole kinapita kati ya vishono. Halafu unavitia kwenye maji ya moto na sabuni ya kipande, unasugua, unafikicha, unatumbukiza kwenye maji ya baridi, unarudia mpaka mikono inakuchukia. Sufu inasinyaa. Nyuzi zinashikana na kugandamana mpaka huoni tena kishono, unapata kitu kinene kama blanketi la jeshi, upepo haupiti. Lakini lazima iwe sufu ya kweli. Nailoni hata uichemshe na maharage, inatoka vile vile.

Na sufu ya kweli utaipata wapi? Kondoo wetu wa huku wana nywele tu, mkia ndio wenye utajiri. Kwa hiyo nilienda kwenye mitumba upande wa Daraja Mbili, kutafuta masweta ya wazungu ya kufumua. Mama alinifundisha kuyapima: unachomoa kauzi, unakachoma. Kakiyeyuka na kuwa kashanga, hiyo ni plastiki. Kakinuka kama saluni yenye pasi ya nywele iliyosahaulika, hiyo ni sufu. Nikachuchumaa kwenye rundo na kiberiti changu. Sijafika mbali, muuzaji akanishika kola.

"We dogo! Unataka kunichomea mtaji?"

"Nanusa tu, kaka."

"Unanusa na moto? Wewe ni mbwa wa polisi?"

Nikamweleza. Akanitazama kama mtu anayetazama mlevi asubuhi. Halafu yeye mwenyewe akachomoa uzi kwenye sweta moja la kijivu, kubwa kama hema, akauchoma, akanusa, akakunja uso. "Hii inanuka mbuzi." Nikalikumbatia lile sweta kama ndugu aliyepotea.

Nikalifumua, nikaufua uzi, nikaukausha, nikauviringisha. Nikachonga vijiti vya mianzi, kwa sababu sindano za mama ni nyembamba mno kwa ufumaji wa kulegeza. Kila nikitoka shule, nikishamwagilia bustani, nafuma. Vikakamilika wiki mbili kabla ya kipaimara, na lazima niseme ukweli: vilikuwa vinatisha. Kimoja tu kingetosha kulalia kuku na vifaranga wake. Nikavificha chini ya kitanda, nikisubiri Jumamosi ya kuchemsha maji.

Shangazi akavikuta. Alikuwa, kwa maneno yake, anatafuta ufagio.

Nilirudi nikavikuta mezani sebuleni, juu ya kitambaa bila shaka, na yeye ameshavipiga picha. Kundi la ukoo kwenye simu lilikuwa linawaka. Aliandika: "Kijana wetu amefuma viatu vya tembo." Baba mdogo akauliza kama tembo mwenyewe ameshalipiwa kiingilio cha hifadhi. Mwingine akaandika kwamba mwanaume akishika sindano, namba ya kiatu humpotea. Na baba yangu, ambaye alikuwa porini na watalii na mtandao humfikia kwa kudra, siku hiyo ulimfikia vizuri kabisa. Akaweka kile kikatuni kinachocheka kwa machozi. Akaweka vitatu.

"Shangazi," nikasema, "bado havijaisha. Vitasinyaa."

"Visinyae vipi?"

"Kwenye maji ya moto."

Akacheka akajipiga paja. "Mwanangu, kinachosinyaa kwenye maji ya moto ni mchicha."

Nilimwambia. Naomba hilo likumbukwe. Nilimweleza mwanzo mpaka mwisho, sufu, sabuni, maji ya moto, maji ya baridi, miguu ya bibi, ambaye ni mama yake mzazi yeye, si wangu. Akawa anaitikia "ehee, ehee" huku macho yake yako kwenye simu.

Kesho yake nikaenda shule. Niliporudi, kochi lilikuwa na vitambaa vipya. Vya kijivu.

Nilisimama mlangoni na begi mgongoni. Uzi ule ninaujua. Nimelala nao, nimeuota. Ulikuwa umefumwa maua na majani, na pembeni pindo la mawimbi. Kwa kasi ya mkono wa shangazi, lazima alianza kufumua kabla sijafika hata kituoni.

"Umeona?" akasema, mwenyewe ameng'aa. "Nimekuokolea uzi. Usingepotea bure. Na jumuiya wanakuja kusali hapa keshokutwa, kochi lisiwe uchi."

Nilimtafuta mama. Alikuwa jikoni anakoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

"Mama, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukamwacha?"

"Ni wifi yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Ningesema nini?"

Nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikaitukana ndoo. Niliitukana kwa kunong'ona, maana hata hasira nyumbani kwetu ina sauti yake ya kuruhusiwa. Ningekuwa nimevunja sahani ningepigwa, na nyumba ingejua nimekosa. Yeye amevunja kitu changu na anasubiri nimshukuru! Na usiku tulipokula, mama akanikanyaga mguu chini ya meza, na mimi nikasema, "Asante, shangazi." Yale maneno yalitoka kama mfupa wa samaki.

Jumuiya wakaja, wakasali, wakasifia vitambaa, wakavimwagia chai. Jumamosi asubuhi shangazi akaniita.

"We mtoto, tangu umenuna hushiki hata kijiko. Vitoe hivyo vitambaa ukavifue. Chai ikikauka haitoki, tumia maji ya moto."

Nikamtazama.

"Ya moto, shangazi?"

"Ya moto. Na uvisugue vizuri!"

Sijawahi kumtii mtu mzima namna ile. Nilichemsha maji. Nilichukua sabuni ya kipande. Nilisugua kwa hasira ya ukoo mzima: hili la baba mdogo na tembo wake, hili la vikatuni vitatu, hili la mchicha. Nikatumbukiza kwenye maji ya bomba, ambayo kwetu yanashuka kutoka mlimani na baridi yake inauma meno hata kwa kuyatazama. Nikarudia. Maua yakajikunja, majani yakaingia ndani ya maua, pindo la mawimbi likawa ukuta. Nilipovianika kwenye kamba, kitambaa kilichokuwa kinafunika mgongo wa kochi kilikuwa kinakaribia ukubwa wa chapati mbili.

Shangazi alitoka, akaona, akapiga ukelele wa msibani. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Umetia nini? Umetia dawa gani kwenye beseni?"

"Maji ya moto, shangazi. Na nilivisugua vizuri."

Akakichukua kimoja akatafuta ncha ya uzi afumue. Hakuna ncha. Akavuta kwa kucha, akavuta kwa meno. Sufu ikishagandamana haifumuki, hata ungeleta ng'ombe wavute. Nilisimama pale na uso wa kanisani, lakini ndani nilikuwa nacheza. Vuta, shangazi. Vuta.

Alisusa, akapiga simu huku na huku kusema nimetia dawa. Mimi nikachukua mkasi. Kitu hicho ukikikata hakichanguki, kwa hiyo nilikata nyayo na migongo ya viatu nikakadiria kwa ndala ya zamani ya bibi, niliyoondoka nayo Pasaka iwe kipimo, nikaanza kushona. Mama akaja akakaa kando yangu. Akanitungia uzi kwenye sindano, na ukiisha ananitungia mwingine. Nilielewa ni msamaha anaomba. Nilimpa nusu.

Vilitoka viatu. Siwezi kudanganya kwamba vilikuwa vile nilivyoahidi. Vile vya kwanza vingekuwa kipande kimoja, vinene, bila mshono wa kumsugua kidole. Hivi vilikuwa na mishono kila pembe, na pale kwenye maua pamebaki vitundu. Baridi ya mlimani ikipata kitundu haihitaji mlango.

Siku ya kipaimara tukapanda kwa bibi. Baba amerudi, ukoo umejaa uani, pilau linatokota. Nikampigia bibi goti, nikamvisha. Vikaingia bila kulazimisha. Akakanyaga, akatikisa vidole.

"Mume wangu," akasema, "leo umenioa."

Kabla sijajibu, shangazi alishainama na simu. "Mama, tazama hapa! Si unaona ni vile vitambaa vyangu?" Simu zikalia uani kote. Ameandika: "Nimemvisha mama." Baba, amesimama hatua chache tu kutoka kwetu, akaandika: "Hongera dada." Nikauma shavu kwa ndani mpaka nikaonja damu.

Bibi akakataa kuvivua. Akaenda navyo kanisani, akarudi navyo, akaenda navyo kumwangalia mbuzi wake zizini, akarudi na tope jekundu mpaka kwenye kifundo. Tukamkalisha jikoni. Na hapo shangazi akaingia na beseni linalofuka moshi na kipande cha sabuni.

"Lete mama, nivisugue na maji ya moto, vitatakata sasa hivi."

Mpaka leo sijui kama ni ukaidi au ni kweli aliamini habari yake ya dawa. Ninachojua ni kwamba mkono wake ulishafika kwenye kisigino cha bibi.

"USIVIGUSE!"

Ilikuwa sauti yangu. Nyama ilikuwa inakaangwa, na naapa hata mafuta yalinyamaza. Baba akatokea mlangoni.

"Umemwambia nani hivyo?"

"Atavisinyaza tena! Nilimwambia mara ya kwanza, hakunisikia! Hakuna aliyenisikia, mlikuwa mnacheka!"

"Omba msamaha kwa shangazi yako. Sasa hivi."

Nikaomba. Kwetu hilo halina rufaa. "Samahani, shangazi," nikasema, nikiangalia beseni.

Bibi akainua mguu mmoja polepole, kisha wa pili, akaipitisha juu ya beseni, akaiweka mapajani mwangu, tope na yote, juu ya suruali yangu ya sherehe. Nikavivua viatu. Nikavisafisha kwa maji ya baridi, kwa kiganja, bila kusugua, na miguu yake ikabaki pale pale mapajani, nimeifunika na sweta langu.

"Mume wangu," akasema, "mjukuu mmoja alinionyesha kwenye simu viatu vikubwa vya kijivu. Wote walicheka. Mimi nikasema, hivyo ndivyo vya miguu hii, vitanifika mpaka kwenye goti." Akachungulia nyuma yangu, kwenye mfuko tuliokuja nao. "Viko wapi?"

Mama alitazama chini. Baba akatoa simu mfukoni, akairudisha.

"Muulize binti yako, bibi," nikasema. "Yuko hapo na beseni."