Mke Mwenza wa Rangi Nyekundu

Mtaani walimwita Rula, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akipiga mstari bila rula. Kazi yake ilikuwa kuandika magari: majina ya miji kwenye vioo vya mabasi, idadi ya abiria mlangoni, uzito wa gari tupu ubavuni mwa malori. Barabara ya mkoa ilikuwa mbovu kiasi kwamba kokoto ziliyakwangua maandishi hayo kila baada ya miezi sita, na madereva wakarudi kwake wakiilaani Serikali. Rula naye aliilaani pamoja nao, kwa adabu, huku akikoroga rangi. Mkewe alisema kwamba katika nchi nzima hapakuwa na mtu aliyelishwa na mashimo kama mume wake.

Lakini barabara hiyohiyo iliyompa Rula unga ndiyo iliyomnyima mkewe jiko la kuupikia.

Miaka kumi na saba iliyopita, watu wa wizara waliovaa vizibao vya kung'aa walipiga alama ya X kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba yao, karibu na kona. Barabara ingepanuliwa iwe njia kuu mpya ya mizigo na abiria, ipite hapo. Masharti yalikuwa wazi: mwenye nyumba atalipwa fidia, ila chochote kitakachojengwa baada ya alama hakitahesabiwa, na kinaweza kubomolewa bila taarifa. Wiki ileile Rula alikuwa ameshusha matofali ya jiko. Aliyafunika turubai, akamwambia mkewe, "Vumilia kidogo, mama watoto. Miezi sita tu."

Tangu siku hiyo mama watoto alipikia nje, chini ya bati lililokaa juu ya nguzo nne. Mvua ikinyesha wima, alipika akiwa mkavu. Ikinyesha ya upepo, alishika mwavuli mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Kuku walihamia kwenye matofali, wakataga humo kizazi baada ya kizazi, bila kuogopa kubomolewa.

Mradi wenyewe haukufa, uliugua tu. Kwanza mkopeshaji alitaka barabara ya malori, wizara ikataka ya mabasi, wakaachana. Kisha sera ikabadilika, mizigo ikaamriwa kupanda reli, na watu wengine wakaja kupaka rangi ya njano juu ya alama ileile. Reli nayo ikakosa fedha, barabara ikarudishwa, na wekundu ukarudi nayo. Katikati ya hayo yote redio ilitangaza kwamba mradi uko kwenye upembuzi yakinifu. Maneno hayo yalihamia nyumbani. Watoto walipouliza kama wali umeiva, mama yao alijibu kutoka chini ya mwavuli, "Bado uko kwenye upembuzi yakinifu."

Aliyempotosha Rula ni jirani yake, karani mstaafu, ambaye bado alitembea na kalamu mfukoni endapo ofisi ingemhitaji ghafla. Karani alimwambia kwamba nyumba ambayo alama yake imefutika itahesabiwa kuwa haikuwahi kuwa na alama, na haitapata fidia. Rula hakungoja kuambiwa mara ya pili. Kila mwaka, kabla ya mvua, aliipaka upya. Na kwa kuwa mkono wake haukujua kufanya kazi mbovu, kila mwaka aliirekebisha kidogo. Alinyoosha mguu uliopinda. Alifunika michirizi. Mwaka wa saba aliona kwamba imekaa pembeni mno, akaifunika kwa chokaa na kuchora nyingine katikati ya mlango na dirisha, ambapo hata mpita njia angeitazama kwa raha.

Mama watoto aliiita mke mwenzake. "Naona mke mwenzangu kashonewa gauni jipya," alisema kila alipoona kopo la rangi limefunguliwa. "Mwambie anipishe kivulini."

Mwaka huu hakutania. Alisimama mbele ya mumewe, mwiko mkononi.

"Baba watoto, mvua ni mwezi ujao. Zikinikuta hapa nje, namwita mwashi mwenyewe."

"Watabomoa!"

"Wabomoe. Nitakuwa nimepika hata siku moja nikiwa mkavu."

"Na fidia je?"

"Hiyo fidia nitaipikia wapi?"

Rula akaomba wiki mbili. Katika wiki ya pili, Karani aliingia uani mbio, kalamu ikimwangukia njiani. "Wamekuja! Wanahakiki alama!"

Aliyekuja alikuwa mpimaji wa wizara, binti mwembamba mwenye kofia ngumu iliyomzidi kichwa, pamoja na dereva aliyembebea majalada. Binti akautazama ukuta. Akatazama jalada. Akautazama tena ukuta.

"Mzee, shikamoo. Alama hii kaichora nani?"

"Marahaba, mwanangu. Ni ya wizara hiyo."

"Hapana, hii si ya kwetu."

"Kwa nini isiwe yenu?"

"Sisi hatujawahi kuchora kitu kikanyooka hivi."

Dereva alijificha nyuma ya majalada ili acheke. Mama watoto alipunguza moto, maana sufuria ilikuwa inachemka kwa kelele na hakutaka neno limpite.

Mpimaji akawaonyesha picha ya zamani. "Yetu ni hii. Imelala, inachuruzika, na iko konani. Mimi nimetumwa kuhakiki alama, mzee, sikutumwa kuhakiki sanaa. Nikiandika kwamba haikutambuliwa, jalada linarudi makao makuu."

"Huko linakaa muda gani?" aliuliza mama watoto.

"La mtaa wa pili lina miaka minne, mama."

Mama watoto aliyatazama matofali, kisha mawingu, kisha mumewe. "Rula yako ndiyo iliyotufikisha hapa. Haya, kwangua!"

Rula akachukua kisu cha kukwangulia, akapiga magoti konani. Chokaa ilidondoka vipande vipande. Chini yake ukatokea wekundu, na chini ya wekundu ukatokea unjano. Hapo mkono wake ukasita. Mwaka wa unjano ndio mwaka aliozaliwa kitindamimba wao. Mama watoto alirudi kutoka hospitali na mtoto mgongoni, akaenda moja kwa moja kusimama chini ya mwavuli, ambao tayari ulikuwa umevunjika mbavu mbili. Mwaka ule Rula alinunua kopo zima la rangi ya njano ili alama isipauke. Mwavuli hakununua. Aliinama tu, akaendelea kukwangua kwa nguvu zaidi, mpaka chini kabisa ukatokea wekundu wa kwanza.

"Hiyo hapo!" alipaza sauti mpimaji. "Hii ndiyo yetu! Tazama ilivyopinda." Akatia tiki. "Vizuri. Sasa kwa kuwa imetambuliwa, naweza kuifuta."

"Kuifuta?" Rula alibaki amepiga magoti.

Mpimaji akaeleza kwa upole wa mtu aliyekwisha kueleza nyumba arobaini. Sera ilikuwa imebadilika tena. Mizigo itapanda reli, na reli itapita ng'ambo ya vilima. Mabasi yatabaki kwenye barabara hii, nayo itakarabatiwa fedha zikipatikana. Nyumba zao hazihitajiki. Ila kanuni hairuhusu kufuta alama ambayo haijatambuliwa.

"Kwa hiyo nimeitafuta asubuhi nzima ili ifutwe."

"Ndiyo, mzee. Unapitisha mstari mmoja juu yake, basi. Rangi utatoa wewe. Bajeti ya kufutia haijapitishwa. Na ile nzuri ya katikati ipake chokaa, isije ikawachanganya watu wa awamu ijayo."

"Na miaka kumi na saba tuliyongoja?"

"Malalamiko yana fomu yake, ila bado iko kwenye..."

"Upembuzi yakinifu," mama watoto alimmalizia. Simu ilikuwa tayari sikioni. "Mwashi? Njoo. Siyo kesho, leo."

Rula aliuchora mstari wa kuifuta kwa rula, polepole, kama anayemwandikia mtu barua ya kuagana. Ile ya katikati aliipaka chokaa akiwa amefumba jicho moja. Matofali yalipoondolewa yalikutwa mayai kumi na moja na kuku mmoja aliyekataa kuhama.

Jiko liliegemezwa kwenye ukuta wa kona, kwa kuwa upande wa pili ni kiwanja cha Karani. Mvua zikaanza kabla mlango haujapakwa rangi. Mama watoto alipika humo akiwa amevaa kandambili, akisikiliza maji yakipiga bati, na mwavuli akautundika msumarini kama nishani.

Siku ya tatu alitoka kuchuma mboga. Aliporudi alimkuta mumewe jikoni, amesimama juu ya kigoda, uso karibu na ukuta. Juu ya rafu ya sufuria ilikuwepo ile X ya kwanza, iliyolala na kuchuruzika.

"Unafanya nini humu?"

"Naunyoosha huu mguu mmoja tu, mama watoto. Unaniumiza macho."

Mama watoto aliweka mboga mezani. Alimtazama mumewe, akaitazama alama, kisha akavuta sufuria iliyoungua jana.

"Sawa. Ila mke mwenzangu akikaa jikoni kwangu, na sufuria ataosha." Akamkabidhi Rula sufuria. "Anza kwa niaba yake."